Vibanio 49

Saa kumi na mbili na nusu asubuhi mlango wa darasa la kwanza umeshafunguliwa. Mwalimu amevua viatu, ameviacha nje ya kizingiti, na anatembea pekupeku juu ya saruji, taratibu, akiburuza nyayo kidogo. Asubuhi ya kwanza nilidhani amepoteza pete. Kumbe anatafuta changarawe zilizoingia na upepo wa usiku, pini ya stepla, kibanzi cha dawati, msumari uliochomoka. Watoto 52 watakaa chini leo. Darasa limeshafagiliwa, lakini ufagio, anasema, hauna ngozi.

Shule ni ya serikali, nje kidogo ya mji wa Tanga, upande wa barabara ya Pangani. Chumba kina madirisha ya nondo, ubao mmoja, na madawati ambayo karibu nusu yamesukumwa ukutani yakageuka meza za zana. Nilikaa humo asubuhi tisa, kwenye stuli fupi karibu na kabati, nikimtazama mtu mmoja akiendesha kona saba za kujifunzia kwa wakati mmoja, na watoto wenyewe ndio wanaochagua waende kona ipi. Ni saa moja tu kwa siku, vipindi viwili vya dakika 30 vilivyounganishwa, kabla ya uji.

Kona si jambo geni kwetu. Mtaala wa elimu ya awali unazitaka, na ukiingia madarasa ya awali utakuta mabango yake ukutani: Kona ya Lugha, Kona ya Hisabati, Kona ya Nyumbani. Nimeona mahali ambapo zana zimetundikwa juu kabisa, mikono ya watoto haizifikii, safi kama siku zilipotengenezwa. Mwalimu huyu alifundisha awali miaka mingi, na alipopewa darasa la kwanza akahama na kona zake. Zana zake zimechakaa. Kadi ya herufi m imelainika pembeni kama noti iliyozunguka sokoni mwaka mzima. Nilipoishika kadi ile nilijua nitarudi kesho yake.

Kazi yake inaanzia kwenye jamvi. Kabla ya kuamua kona ipi ikae wapi, aliamua yeye atakaa wapi, kwa sababu kwa muda mwingi wa saa ile atakuwa chini na watoto kumi wanaosoma. Alitandika jamvi chini ya ubao, akaketi, mgongo ukutani, akatazama. Hakutazama akiwa amesimama. Aliyesimama huona kila kitu. Akiwa amekaa aligundua kwamba rafu ya vitabu, mbao mbili juu ya matofali, inamzibia kona ya nyumbani. Akaisogeza shibiri mbili. Akakaa tena. Akainuka akaisogeza tena, kidogo. Haya alinisimulia huku mkono wake ukionyesha alama za zamani za matofali kwenye saruji, mistari miwili ya vumbi jekundu isiyofutika.

Kona zenye kelele, ujenzi na duka, ziko upande wa mlango, ili sauti itoke nje. Sanaa iko hapo hapo karibu na ndoo ya maji, maana rangi ikimwagika njia ya kwenda kwenye ndoo isikatize katikati ya vitabu. Vitabu viko pembe ya mbali, chini ya dirisha la mashariki, penye mwanga wa asubuhi. Sayansi inafuata dirisha hilo hilo. Hisabati na nyumbani zimekaa jirani, na hilo nalo lina sababu ambayo sikuiona mpaka siku ya nne: watoto wa kona ya nyumbani huishiwa sahani, wakaenda kwa jirani kuhesabu zinazopungua. Kati ya kona na kona pana upana wa watoto wawili kupishana bila kugusana mabega. Aliupima kwa watoto wawili.

Jumamosi moja alinikaribisha kwake. "Shikamoo, Mwalimu." "Marahaba mwanangu, karibu, shika msasa." Barazani palikuwa na kiroba cha vibao alivyopewa na seremala wa jirani, masalia ya vitanda na milango. Kila kibao anakisugua pande sita, kisha pembe, kisha pembe za pembe. Halafu anachukua pindo la kanga aliyojifunga na kulipitisha juu ya mbao. Likinasa uzi, kibao kinarudi kwenye msasa. Nilisugua kimoja nikaona kimekuwa laini kama yai. Akapitisha pindo la kanga. Likanasa. Akanirudishia bila neno, nami nikaendelea.

Gundi anaipika mwenyewe kwa unga wa muhogo, nyepesi kwa karatasi, nzito kwa maboksi. Kadi za maneno hazikati kwenye manila, kwa sababu manila huchanika mwezi wa pili. Anakata ubavu wa boksi la sabuni, anabandika karatasi nyeupe juu, anaandika kwa maka peni, kisha selotepu pana mbele na nyuma. Herufi anaziandika kwa umbo lile lile watoto wanaloliona ubaoni, na a yake haibadiliki hata kadi ikiwa ya mia. Mizani ni hanga ya nguo iliyotundikwa kwenye msumari, na vikopo viwili vya siagi vimening'inia kwa kamba za mkonge. Ameitoboa mashimo mawili mawili kila upande, kwa sababu hanga haijawahi kulingana sawasawa. Anahamisha kamba shimo hadi shimo mpaka vikopo vitupu vitulie usawa mmoja. Hilo lilichukua nusu saa. Nilimwona akikipulizia kikopo kimoja, akingoja kitulie, akikipulizia tena.

Vitu vya kuhesabia ni vizibo vya soda na kokwa za kungu. Maharage hayaweki. Mtoto wa miaka sita na harage, anasema, humalizana puani. Kokwa ya kungu haiingii puani wala sikioni, inakaa vizuri kiganjani, na miti yake imejaa mjini Tanga. Kila kopo lina vizibo 20, wala si 19 wala si 23, na namba hiyo imeandikwa ubavuni. Sababu yake tutaifikia.

Sasa nieleze chombo kikuu, ambacho mgeni anaweza kukipita akidhani ni kamba ya kuanikia. Ukutani, kwenye usawa wa kifua cha mtoto, zimefungwa kamba saba za mkonge, moja juu ya nyingine kama mistari ya daftari. Kila kamba ina picha ya kona yake mwanzoni, na kila kamba imebanwa vibanio saba vya nguo. Kila mtoto ana kadi yenye jina lake. Anayekwenda kona ya duka anabana kadi yake kwenye kamba ya duka. Vibanio saba vikijaa, duka limejaa, na hakuna mtu mzima aliyemkataza mtoto. Kamba ndiyo imesema.

Watoto ni 52, wamegawanywa makundi matano yenye majina ya samaki: Changu, Tasi, Pono, Kolekole na Nguru. Makundi matatu yana watoto 10, mawili yana 11. Kila siku kundi moja linakaa na Mwalimu kwenye jamvi kusoma, na manne yanachagua kona. Siku tano, makundi matano: kwa wiki kila mtoto amesomeshwa kwa karibu, pua kwa pua, angalau mara moja. Mtoto akikosa zamu kwa homa, anaingizwa kundi la kesho yake. Siku jamvi likiwa na watoto 10, wanaochagua ni 42.

Mwaka wa kwanza wa kamba hizi aliweka vibanio sita kwa kila kona. Sita mara saba ni 42, hesabu imekaa sawa. Siku moja, katikati ya Februari, mtoto wa mwisho alisimama mbele ya kamba kwa muda mrefu. Kibanio kimoja tu kilikuwa wazi, cha sayansi. Mwalimu akamuuliza kwa nini habani kadi yake. Mtoto akajibu, "Mimi sikuchagua, Mwalimu. Nimeachiwa."

Alirudi nyumbani na neno hilo. Usiku akachukua karatasi akapiga hesabu. Akaongeza kibanio kimoja kila kamba, vikawa 49. Tuisome hesabu hiyo polepole, maana ndani yake mna ustadi mwingi kuliko unavyoonekana. Watoto 41 wakishabana kadi zao, vinabaki vibanio 8. Kona moja ina vibanio 7 tu. Kwa hiyo hivyo vinane haviwezi kuwa vya kona moja. Lazima viwe vimegawanyika kona mbili au zaidi. Yaani hata mtoto wa mwisho kabisa, siku yoyote ile, ana kona mbili mbele yake za kuchagulia. Siku jamvi likiwa na 11 anabakiwa na nafasi zaidi. Sijui walimu wangapi wangekesha kwa ajili ya mtoto wa 42.

Nilimuuliza mfumo huu ulikamilika lini mwaka huu. Akasema Machi. Shule zilifunguliwa Januari, na mimi nilikuwa na haraka ya kujua kilichofanyika katikati. Wiki ya kwanza, kona iliyokuwa wazi ni moja tu, hisabati, na kwa siku tatu hakuna aliyehesabu kitu. Walijifunza kuchukua kopo na kulirudisha. Mtoto mmoja anainuka, anakwenda kwenye rafu, anashika kopo kwa mikono miwili, anakuja nalo kwenye mkeka, anaketi, anainuka, analirudisha. Wengine wanatazama. Anauliza, "Mmeona nini?" Wanasema: ameshika kwa mikono miwili, hakukimbia, hakumkanyaga mwenzake. Mwingine anainuka. Baada ya wiki inafunguliwa kona ya pili kwa utaratibu ule ule. Ujenzi inafunguliwa ya mwisho, kwa sababu kibao kikirushwa kina maumivu.

Mtu akipita nje dirishani Januari angesema darasa hili limelala. Nami nakiri kwamba katika kazi yote niliyoiona, hapa ndipo ninapomvulia kofia zaidi: kukaa wiki saba ukifungua mlango mmoja mmoja, wakati darasa lililo upande wa pili wa ukuta linaimba a, e, i, o, u kwa sauti moja na mkuu wa shule anapita na daftari.

Wazo lenyewe limesafiri sana kabla ya kufika kwenye saruji hii. Tarehe 6 Januari 1907, katika mtaa wa San Lorenzo mjini Roma, daktari Maria Montessori alifungua nyumba ya watoto wa familia maskini. Zana zilikuwa zikifungiwa kabatini na mwalimu ndiye aliyezigawa. Siku moja kabati likasahaulika wazi, na watoto wakaonekana wakichukua kila mmoja alichokitaka na kufanya nacho kazi. Montessori akaziweka zana kwenye kabati fupi zilizo wazi. Mwaka 1962 huko Ypsilanti, Michigan, David Weikart na wenzake walianza kazi na watoto wa shule ya Perry, na humo ukakua mtindo wa HighScope wenye hatua tatu: mtoto anapanga, anafanya, kisha anakumbuka alichofanya. Mombasa, miaka ya 1980, mpango wa shule za awali za madrasa chini ya Aga Khan Foundation, ambao Bi Swafiya Said alikuwa mhimili wake, uliufinyanga upya ujifunzaji wa namna hiyo kwa vifuu, makuti na vitu vya pwani, kisha ukavuka kwenda Zanzibar na Uganda. Aliyemfundisha Mwalimu kutengeneza kona, katika semina ya siku chache miaka mingi iliyopita, alikuwa amejifunza Mombasa. Kutoka Tanga, ni mwendo wa kuvuka mpaka wa Horohoro tu.

Saa mbili na robo. Watoto wameketi kimakundi, kadi mkononi. Leo kwenye jamvi ni Pono. Wa kwanza kuchagua ni Tasi, kwa sababu jana walichagua wa mwisho. Zamu inazunguka na kila mtoto anaijua kuliko mimi. Wanainuka wanne wanne. Mwalimu amesimama pembeni mwa kamba, si mbele yake. Hamuulizi kila mtoto. Watoto 42 wakiulizwa wote saa itakwisha wakiwa foleni. Anachagua wanne au watano kwa siku, na leo nimemwona akimgusa bega binti mmoja aliyekuwa anabana kadi haraka bila kutazama picha.

"Unakwenda wapi, mama?"

"Duka."

"Kufanya nini?"

"Kucheza."

"Kucheza nini?"

Binti akanyamaza. Mwalimu naye akanyamaza. Nilihesabu kimoyomoyo, nikafika sita. Katika miaka ya 1970 mtafiti wa Marekani, Mary Budd Rowe, alipima muda ambao walimu huvumilia baada ya kuuliza swali, akakuta ni kama sekunde moja. Waliposubiri tatu au zaidi, majibu ya watoto yakarefuka. Huyu binti alipewa sita.

"Nitakuwa muuzaji. Nitauza vitunguu kwa mafungu. Fungu mia mbili."

"Haya, kauze."

Dakika nne na nusu, watoto 42 wako mahali pao. Nilipima kwa saa yangu kila siku. Siku mbaya kabisa, mvua ilipochelewesha watoto, ilikuwa dakika saba.

Ndipo anaketi kwenye jamvi, na kinachofuata ni kigumu kukiandika kwa sababu kwa nje hakionekani. Mtoto wa Pono anasoma kadi, kidole chini ya silabi: ka, la, mu. Macho ya Mwalimu yako kwenye kidole. Masikio yake yako kwingine. Darasa lina mvumo wake, kama wa nyuki ndani ya mzinga uliofunikwa, na anaujua mvumo huo vipande vipande. Vibao vikianguka kwenye ujenzi hageuki; ni mnara. Kicheko kikipanda nyumbani hageuki. Siku ya tano niliona akigeuka ghafla kuelekea sanaa, mahali ambapo mimi sikuwa nimesikia kitu. Na kweli palikuwa kimya: watoto wawili walikuwa wanapaka rangi ya bluu kwenye nyayo za mwenzao. Kilichomgeuza ni kunyamaza.

Siku hiyo hiyo hisabati ilipata ugomvi. Mabinti wawili wameshika hanga, mmoja huku mmoja kule, na vikopo vinabembea. Sauti zimepanda. Mtoto aliye mbele ya Mwalimu alikuwa katikati ya neno, m, ki, na Mwalimu hakumwacha hapo. Aliinua kiganja kuelekea hisabati, kiganja tu, akangoja "mkeka" limalizike, akamwambia msomaji "umelifikisha," ndipo akainuka. Hakuita kutoka mbali. Alikwenda akachutama, macho yake yakawa sawa na yao.

"Mnapima nini?"

"Mimi napima kungu."

"Mimi nataka kupima simbi, yeye hataki kuacha."

"Mizani hii ina vikopo vingapi?"

"Viwili."

Akabaki amechutama, mikono juu ya magoti. Mwenye simbi alitazama kikopo kimoja, akatazama cha pili. Akaachia hanga. Akaweka simbi moja kwenye kikopo kilichokuwa kitupu upande wa pili wa kungu. Hanga ikainama upande wa kungu. Akaongeza simbi, akaongeza nyingine. Mwenzake akainama karibu. "Ongeza. Ongeza. Basi, imezidi, toa moja." Mwalimu alikuwa ameshaondoka. Alikuwa jamvini, na kidole kingine kilikuwa chini ya silabi nyingine.

Juu ya goti lake, wakati wote huo, kuna daftari dogo lenye jedwali alilolichora kwa rula: majina upande mmoja, kona juu. Kila asubuhi, baada ya watoto kukaa, anasoma kamba na kuweka nukta. Ndiyo mahudhurio ya pili, yasiyotakiwa na ofisi. Alinionyesha mstari wa mvulana mmoja: nukta tisa mfululizo, zote ujenzi. Mimi ningemwambia, leo jaribu vitabu. Nilimuuliza kwa nini hamwambii. Alisema akimwambia hivyo mara moja, kamba zote saba zitakuwa za uongo, kwa watoto wote.

Alichofanya ni hiki. Aliweka kwenye kona ya ujenzi penseli mbili na vipande vya karatasi, na hakueleza ni vya nini. Mvulana alikuwa anajenga chombo, vibao virefu kwa ubavu, kijiti katikati kwa mlingoti. Siku hiyo hakugusa penseli. Siku ya pili Mwalimu alipita, akachutama, akauliza kama chombo hiki kikifika bandarini watu watakijuaje. Mvulana akachukua karatasi. Aliandika muda mrefu, ulimi umetoka pembeni mwa mdomo: jaazi. Akakiegemeza kikaratasi kwenye mlingoti. Mwalimu alisoma kwa sauti, "jahazi," akaondoka. Hakusahihisha. Asubuhi iliyofuata, kati ya vibao, palikuwa na kadi mpya ya boksi yenye selotepu: jahazi. Haikuwa na maelezo. Mvulana aliigeuza, akaifananisha na karatasi yake, kidole chake kikasimama pale penye h. Akaandika upya. Kisha akaongeza neno ambalo halikuwa kwenye kadi: jahazi langu. Nilipoondoka Tanga bado nukta zake zilikuwa ujenzi, mstari mzima.

Wapo wanaosema huu ni muda wa kuchezea, na kwamba mthibiti ubora atakapokuja atauliza mada imefika wapi. Swali ni la haki na Mwalimu ana jibu lake limeandikwa. Katika andalio la somo la wiki ile, kujumlisha namba zisizozidi 20 kulikuwa mahali pane: kwenye vizibo vya hisabati, kwenye noti za karatasi za duka, kwenye sahani za nyumbani, na kwenye ujenzi, ambako kila mnara una kadi ya kuandika vibao vya chini na vya juu ni jumla ngapi. Kusoma kuko kona zote saba. Hata ndoo ya sanaa ina jina lake. "Mtoto anachagua kona," aliniambia akikunja andalio. "Kujumlisha kunamfuata huko huko aliko." Nilimuuliza kuhusu shule zenye watoto zaidi ya mia darasani, maana ziko nyingi. Alishawahi kuwa na 110. Kona zilikuwa nje, chini ya mwembe, mikeka kumi na nne, na kamba ilifungwa kwenye shina.

Saa ikikaribia mwisho anachukua vifuu viwili. Pigo moja: dakika tano zimebaki. Hapo watoto huendelea, lakini utaona mikono inabadilika, muuzaji anaanza kumalizia wateja. Mapigo mawili: mikono juu, kimya. Mapigo matatu: kurudisha. Katika asubuhi tisa sikumsikia akipaza sauti hata mara moja, na sauti anayo. Nilimsikia uwanjani siku ya mpira.

Kwenye mbao za rafu, chini ya kila chombo, amechora kwa mkaa umbo la kitako chake: duara la kopo, mstatili wa boksi la kadi, hilali mbili za vifuu. Kila kitu kinarudi juu ya kivuli chake. Mtoto asiyejua kusoma anajua kitu hiki ni cha hapa, na kivuli kilichobaki wazi kinaonekana kutoka mlangoni. Halafu kopo linahesabiwa. Hapa ndipo ishirini inapofanya kazi yake.

Siku ya saba kopo moja lilikuwa na 19. Waliohesabu walikuja kusema. "Hesabuni tena," alisema. Wakahesabu: 19. Wakatazama chini ya mkeka, nyuma ya rafu. Mwalimu alikuwa anakunja jamvi, polepole kuliko siku nyingine. Mtoto mmoja wa kona hiyo alikuwa amesimama na ngumi imefumbwa, nami nilijua, na nina hakika yeye alijua kabla yangu. "Hesabuni tena," alisema, bila kumtazama yeyote. Walipofika 19 mkono mdogo ukapita katikati ya mabega, kizibo kikalia kwenye kopo. "Ishirini!" Kopo likarudi juu ya duara lake.

Mwisho ni kukumbuka, dakika chache, watoto wanne tu kwa siku. Siku hiyo mvulana wa Kolekole alisema alipanga kujenga nyumba ikawa daraja. "Ilikuwaje?" Mlango ulikuwa mpana, akasema, vibao havikufika, gari likapita chini. Mwalimu aliandika ubaoni: daraja. Darasa zima likasoma, kisha wakaenda kunywa uji.

Ijumaa mchana, darasa tupu, nilimkuta anaibomoa kona ya duka. Mafungu ya vitunguu vya karatasi yalikuwa ndani ya boksi. Nilisikitika kidogo, ilikuwa nzuri. Akanionyesha daftari: wiki mbili zilizopita duka lilijaa kila siku, wiki hii vibanio vitatu, viwili, vitatu. Wameshamaliza kununua, alisema. Jumatatu itakuwa stendi ya mabasi. Alikuwa ameshakata tiketi kwenye karatasi za kalenda ya zamani, upande mweupe, kila tiketi ina mstari wa kuandika unakokwenda na mraba wa kuandika nauli. Miji aliyoandika kwenye kadi ni ile watoto waliyokwisha kuitaja wenyewe: Muheza, Pangani, Korogwe, Lushoto.

Picha ya duka ilitoka kwenye kamba ya tano, na fundo lake lilikuwa limelegea kwa kushikwashikwa. Alilifungua, akanipa ncha moja ya mkonge nivute mpaka kamba inyooke, akapiga fundo jipya, akalivuta kwa meno, kisha akabana vibanio kimoja kimoja na kupima nafasi kati yao kwa vidole viwili.